Gari la Mikate Likipita

Walikutana asubuhi penye mzunguko wa barabara, honi zikizozana. Binti alikuwa dereva wa gari la mikate, mwenye unga hadi kwenye nyusi. Mwanamume alikuwa koplo wa trafiki, sare nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika. Askari mwenzake alikuwa amelizunguka gari mara tatu akitafuta kosa, na alipolikosa akasema koo limemkauka. Binti alikuwa ameshaanza kupekua mkoba Koplo alipokuja, akaichukua leseni mkononi mwa mwenzake, akamrudishia mwenyewe.

"Nenda, dada. Mikate haingoji."

Nani asingeyeyuka? Mikate ile iliokwa na mama yake, na mkate uliokosa chai ya asubuhi hauna mnunuzi. Askari walilijua hilo vizuri. Hawakumsimamisha kwa kosa, walimsimamisha kwa haraka yake.

Koplo alimpa namba, akamwambia popote atakaposumbuliwa apige. Ikaonekana bahati, kwa maana tangu siku hiyo alisumbuliwa kupita kiasi, leo darajani, kesho karibu na hospitali. Kila alipopiga, Koplo alitokea na pikipiki, akawavuta wenzake kando, wakanong'ona, wakacheka, leseni ikarudi. Simu za kuomba msaada zikazaa simu za kuulizana umeamkaje, nazo hazikuwa na mwisho.

"Wenzako wote wanataka chai," alimtania siku moja. "Wewe hutaki kitu?"

"Mimi namtaka mwokaji."

"Mwokaji ni mama yangu."

"Basi na mimi nitamwita mama."

Alicheka mpaka akapitiliza duka. Mapenzi yalikuwa yamemkolea, hasikii la mwadhini.

Mama ndiye aliyekuwa hacheki. Hosteli ya wauguzi, mteja wao mkubwa, ilikuwa imewaacha kwa sababu ya kuchelewa, na mama wa watu alikuwa anazunguka kwa miguu akitafuta mteja mwingine wa kuziba pengo. "Mwanangu," alisema akikanda unga, "huyo anayekuokoa kila siku, mbona huokoki?" Binti alinuna siku mbili. Hata hivyo posa ilikubaliwa, na wazee wa Koplo walitarajiwa Jumamosi.

Alhamisi alisimamishwa tena, safari hii na askari kijana, mgeni, aliyehamishiwa kituoni wiki ile. Mgeni hakuwa ameelezwa utaratibu wote. Alichukua leseni, akasimama palepale dirishani, akapiga simu, spika ikiwa wazi.

"Afande, lile gari la mikate tumelikamata. Unakuja, au nimwachie?"

Sauti iliyojibu, binti aliijua kuliko yake mwenyewe.

"Usimwachie. Ngoja kwanza anipigie mwenyewe."

Hakupiga. Simu ilikuwa mapajani, mikate ikipoa nyuma, na yeye akaikumbuka miezi yote minne, kituo kwa kituo, kicheko kwa kicheko. Nusu saa ikapita. Mwishowe pikipiki ikaja bila kuitwa, Koplo akainama dirishani na uso wa huruma.

"Mpenzi, mbona hukunipigia?"

"Ulikuwa unaongea na huyu. Nimekusikia."

Koplo alimtazama kijana, kijana akatazama viatu vyake. Kisha maneno yakamtoka Koplo kwa mkupuo: hajawahi kula hata senti yake, wala hakuna askari aliyethubutu kuila tangu awe wake. Ila mwanamke mwenye gari lake na kazi yake, angemhitaji yeye kwa lipi?

"Nilitaka unihitaji," alisema.

"Hosteli ilipotuacha nililia begani kwako. Ukanifuta machozi, huku ukijua ni wewe uliyetuchelewesha."

Koplo alinyoosha mkono kumshika bega, yeye akausukuma.

"Na ile siku ya kwanza?"

Alikawia kujibu. "Ile ilikuwa kweli," alisema mwishowe, lakini alikuwa ameshakawia. Binti aliumia, kwa kuwa bado alimpenda, na kwa kuwa hata siku ile moja asingeweza tena kuiamini.

"Wenzako nikiwapa chai yao, tunamalizana," alisema. "Wewe ulinichukua mzima, na nikawa nakushukuru. Nina kosa lolote?"

"Huna."

"Basi nipe leseni yangu. Na wazee wako wasije."

Aliondoa gari polepole. Alipolipita daraja alisimama kando ya barabara, akalia kwa sauti, kisha akapiga simu.

"Mama, nilisimamishwa."

"Umempigia yule?"

"Hapana, Mama. Nimekupigia wewe."