Mkanda wa Nyuma Kushoto

Shule niliiacha darasa la saba, lakini niletee gari lolote: nikisikia injini inavyokohoa, nakutajia ugonjwa kabla hujazima. Ndiyo maana dada yangu, mkunga, alipotaka gari la kumpeleka mwanawe shule, hakumtafuta mwenye shahada. Alinifuata mimi.

Saa sita mchana tukafika yadi kwa dalali. Magari yaliyomfaa dada yalikuwa mawili. La kwanza jeusi, la kifahari, viti vya ngozi, halina hata mkwaruzo. La pili bei nusu, mlango umebonyea, kiti kimechanika, rangi imepauka kama kisigino changu.

"Hilo jeusi," dada akasema, macho yamemtoka.

"Naona umeshaolewa nalo," nikamtania. "Haya, twende tukalijaribu."

Akaendesha, mimi nimekaa kando yake. Hatujafika kona, kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka: abiria wa nyuma kushoto hajafunga mkanda.

Nyuma hapakuwa na mtu.

"Waya tu hizo," nikasema. Sisi mafundi dawa yake tunaijua: unafunga mkanda juu ya kiti kitupu, kelele inakwisha. Nikanyoosha mkono nyuma. Ta! Kimya. Nikajisifu, kama kawaida yangu.

Dada akakanyaga breki. Mkanda ukakaza. Ulikaza kama umezuia kifua.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "nani anapumua?"

Nikamwambia ageuze gari.

Tuliporudi, dalali alichungulia nyuma. Tabasamu likamfutika.

"Nani kafunga mkanda?"

"Mimi."

"Sisi huwa tunaiacha kengele ilie."

Tukachukua lile chakavu. Mikanda yake ya zamani, haina taa wala kengele. Asubuhi ya kwanza, dada akaukuta mkanda wa nyuma kushoto umefungwa. Akaniita, nikaufungua. Asubuhi ya pili, umefungwa. Nikaukata kwa kisu, nikautupa.

Utaniuliza niliogopa? Sikuhisi kitu. Mpaka leo sihisi. Nakula, nalala, nafungua boliti. Hata utani nautoa kwa mazoea tu.

Jana dada alikuja gereji kwangu kubadilisha oili. Mwanawe alikuwa nyuma, kajibana kwenye mlango wa kulia, peke yake kwenye kiti cha watu watatu.

"Wewe, umegandishwa na gundi? Sogea katikati ukae vizuri."

"Hapatoshi, mjomba."

Alisema polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Nikamfungua mkanda. Nikambeba nje. Nilimshika kwa mikono yote miwili, hilo nina hakika. Nikamsimamisha chini, nikageuka kufunga mlango.

Mkanda wake ulikuwa umeshafungwa tena.