Kiini Kilichoingia Nusu

Foleni ya frikasé, mikate midogo ya kukaangwa, nyuma ya kituo cha treni cha Tunis ilikuwa imebanana, na kiwiko cha mwanamume mmoja kikamwaga harisa, rojo la pilipili, kwenye koti jeupe la Emna.

"Ulikusudia kupaka mkate au mimi?"

"Mkate, bibie. Lakini wewe umependeza zaidi."

Alikuwa Fedi, fundi wa kompyuta, mwenye jaketi la ngozi lililochakaa viwiko. Emna alikasirika, kisha akacheka. Majira ya joto yalipofika walikuwa wakipigiana simu kila mchana, na Fedi akaahidi kumleta mama yake Jumapili kuja kuposa.

Wiki hiyo kompyuta ya Emna iligoma kusasishwa. Ilitumia mfumo wa Linux. Kila kilipokuja kiini kipya cha mfumo, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, vya zamani vilibaki, mpaka ile sehemu ndogo ya diski inayovihifadhi ikajaa.

"Niachie mimi, laazizi," Fedi alisema sebuleni, mama yake Emna akipika jikoni. Akavifuta vyote vya zamani, akabakisha kipya kabisa. Hakutazama ni kipi kilichokuwa kikiendesha mashine saa ile, wala hakukagua kama kipya kilikuwa kizima. Kilikuwa kimeingia nusu, kwa kuwa nafasi iliisha katikati. Mashine haikulalamika, maana kiini kikishawaka hukaa kwenye kumbukumbu hadi uzime.

Emna akazima. Asubuhi haikuwaka.

Humo mlikuwa na nyimbo za wafumaji wa kisiwa cha Djerba alizorekodi kwa ajili ya tasnifu yake. Za Lella Mabrouka, mmoja wao, aliyefariki mwezi uliopita, hazikuwa na nakala kwingine.

"Fedi, umeifanya nini?"

"Nimeondoa takataka tu, roho yangu. Labda diski yako imechoka."

"Diski imechoka?"

"Ndiyo, mashine yenyewe kuukuu."

Emna akakata simu. Kufuta aliweza kumsamehe. Kuisingizia diski hakuweza. Simu ikalia, akaigeuza kifudifudi. Jumamosi akamtumia ujumbe: mama yako asije.

Jioni ile Fedi alisimama mlangoni, ndevu hazijanyolewa, flashi mkononi.

"Diski haina kosa. Kosa ni langu. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu kama nilivyofanya kwako, na yangu imekufa vilevile."

"Ingia. Usiguse kibodi. Wewe sema, mimi nitaandika."

Wakaiwasha mashine kwa mfumo ulio kwenye flashi. Emna akafungua jalada la Djerba kabla ya lolote, na sauti ya Lella Mabrouka ikajaa sebuleni, kavu, isiyo na haraka. Emna akafunika uso. Fedi akanyoosha mkono, akaurudisha.

Nafasi sasa ilikuwepo. Wakaondoa kiini kibovu kwa programu ya mfumo, wakaweka kizima, na kimoja cha nyuma yake kiwe akiba. Mashine ikawaka.

"Kabla ya kufuta?" Emna aliuliza.

"Natazama kipi kinatumika."

"Na kabla ya hapo?"

Fedi akainamisha kichwa. "Nakuuliza mwenyewe."

Akavaa jaketi. Mlangoni akageuka. "Na mama? Ameshaoka vileja vya makrudhi."

"Kesho hapana."

"Jumapili nyingine, mpenzi?"

Emna alishika kitasa. "Nipigie katikati ya wiki uniulize. Safari hii nitapokea."