Kura ya Mbaazi na Kunde

Kila alfajiri Mutindi alimfunga mtoto wake Mumo mgongoni, akabeba debe lake, akaenda kwenye tangi la kikundi hapo Kalamba. Tangi hilo wanawake walilijenga wenyewe kwa mwethya, kazi yao ya kusaidiana, wakibeba mawe kwa vichwa. Lakini ufunguo wa bomba ulikaa kwa mwenyekiti Mulei, shemeji ya naibu wa chifu.

Mulei alichaguliwa kila mwaka. Wanachama walipanga mlolongo nyuma ya mgombea wao, mchana kweupe, naye akitazama nani amesimama wapi. Mwaka wa 1987 Mutindi alisimama nyuma ya Nthenya, mpinzani wa Mulei. Walikuwa saba tu. Tangu siku hiyo hao saba walichota mwisho, na mara nyingi bomba lilifungwa kabla ya zamu yao. Mutindi akarudia maji ya mtoni, yale yanayonywewa na punda. Mumo akaharisha, akalazwa wiki mbili. Alitoka hospitali akiwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Uchaguzi wa 1988 ulipokaribia, Mutindi alimwambia Kasyoka, mwalimu wake wa kisomo cha jioni, kwamba amechoka.

"Safari hii nasimama nyuma ya Mulei. Mtoto hanywi msimamo wangu."

Kasyoka hakumlaumu. Aliuliza kama wale wengine wote wanampenda Mulei.

"Nani? Dada yake mwenyewe, Mbinya, humlaani njia nzima."

"Basi hiyo si kura, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Hapo wanahesabu nani anaogopa. Hata uchaguzi wa wabunge mwaka huu serikali imetufanyia hivyo hivyo, kwa mlolongo. Kura ni yako ikiwa hakuna anayeiona."

Akamtuma alete katiba ya kikundi, ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Mutindi aliisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Kifungu cha sita kilisema viongozi watachaguliwa kwa kura ya siri.

Siku ilipofika, Mulei aliamuru watu wapange laini. Mutindi akasimama, akasoma kifungu cha sita.

"Tangu lini huyu akawa wakili?" Mulei akacheka.

Lakini afisa wa maendeleo aliyekuja kushuhudia alisema katiba ni katiba.

Kila mwanachama akapewa punje mbili: mbaazi ya Mulei, kunde ya Nthenya. Aliingia peke yake katika chumba cha kanisa, akatia moja kwenye kibuyu cha kura, nyingine akaitupa kwenye chungu kilichofunikwa. Kibuyu kilipomwagwa, kunde zilikuwa thelathini na mbili. Mbaazi nane.

Wiki iliyofuata Kasyoka alipewa barua ya kuhamia Kyuso, mbali na Kalamba. Haikutaja sababu. Kisha naibu wa chifu akafika kwenye tangi, akawapanga wanachama wote arobaini, akauliza mmoja mmoja alimpigia nani.

Mbinya alikuwa wa kwanza. "Mimi nilimpigia Mulei."

Wa pili akasema hivyo. Wa tatu pia. Hata Nthenya. Wa mwisho alikuwa Mutindi, na naibu alimkazia macho kwa muda mrefu.

"Nilimpigia Mulei, mzee."

Naibu alitafuta wa kuadhibu, hakumpata. Mulei akauweka juu ya jiwe ufunguo aliokuwa bado anaushikilia, Nthenya akauchukua. Maji yakachotwa kwa kufuata aliyetangulia kufika. Mutindi alikuwa wa tano.