Matobolwa Ndani ya Buti

Kila kiangazi, akitoka shuleni, Advera alikuwa na kazi moja isiyobadilika: kugeuza matobolwa. Bibi Rustika alichemsha viazi vitamu vilivyoletwa kwa gunia kutoka Puge, akavimenya, akavikata vipande na kuvitandaza juu ya mkeka, uani mwa nyumba yao ya Isevya. Jua la Tabora lilifanya kazi iliyobaki. Advera alitakiwa kugeuza kila kipande, kufukuza kuku, na kuingiza mkeka ndani kabla umande haujashuka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walifanya biashara ya mpunga Igunga, naye alilelewa na bibi yake, mwanamke asiyependa kurudia neno.

Mwaka huo, matobolwa yakiwa yamekauka na kuhifadhiwa chunguni, Shangazi Leonia alikuja kuaga. Huyu alikuwa binti wa pekee wa Bibi, mtaalamu wa uhifadhi wa ndege, aliyefanya kazi Morogoro. Kwa miaka mingi alikuwa ameomba nafasi ya kwenda na watafiti wenzake kwenye visiwa vya mbali, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Sasa alikuwa ameipata.

"Shikamoo, Shangazi. Huko unakokwenda anaishi nani?" Advera aliuliza hata kabla ya kupokea mzigo.

"Marahaba. Haishi mtu. Visiwa vyenyewe ni volkano zilizoinuka kutoka chini ya bahari. Wenyeji ni ndege. Yuko albatrosi, ambaye akikunjua mabawa yake anapita urefu wa kitanda cha bibi yako. Anataga yai moja tu, chini, kwenye kiota cha udongo na nyasi."

"Chini? Na nyoka je?"

"Hakuna nyoka. Hakuna paka wala nguchiro. Ndege wa huko hakuzaliwa na adui, kwa hiyo hajui kukimbia. Lakini kisiwa cha jirani kiliingiliwa na panya walioteremka kutoka kwenye meli za zamani. Wanamla kinda akiwa hai, naye ametulia tu pale pale, anamngoja mama yake."

Advera hakupenda kuiona picha hiyo akilini mwake, lakini aliiona.

Ndiyo maana siku iliyofuata walitandika shuka jeupe sakafuni wakatoa kila kitu kilichokuwa ndani ya mfuko wa safari wa Shangazi. Koti lilipigwa brashi. Mishono ilichokolewa kwa sindano, na humo Advera akatoa mbigiri, mbegu za majani na vumbi la njia zote alizowahi kupita shangazi yake. Mabuti yalioshwa mpaka nyayo zake zikang'aa.

"Kabla ya kushuka melini," Shangazi alisema, "kila mmoja wetu ataapa mbele ya wenzake kwamba mfuko wake ni safi. Mbegu moja au mdudu mmoja anatosha kuharibu kisiwa. Sasa sikiliza, Advera. Nina shughuli mjini. Wewe ndiwe mlinzi wa mfuko huu. Kisiingie kitu."

"Hakitaingia, Shangazi."

Jioni Bibi Rustika alitoka chumbani na furushi la kitambaa cha kanga. Ndani yake mlikuwa na matobolwa, yale mazuri, yenye rangi ya asali.

"Ya njiani," alisema.

Shangazi aliyatazama, kisha akamtazama mama yake. "Mama, nisamehe. Chakula kama hiki hakiruhusiwi kabisa."

"Ni viazi, Leonia. Si bangi."

"Najua, Mama. Lakini sheria ni sheria."

Bibi alilikaza fundo la furushi. "Babu yangu alibeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka pwani. Mama yake alimfungia matobolwa, naye akarudi. Baba yangu alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, akafungiwa, akarudi. Simjui mtu wa ukoo huu aliyekwenda mbali bila kufungiwa." Kisha akarudisha furushi chumbani, akala ugali kidogo, akalala mapema.

Jambo hilo lilimchoma Advera. Alimpenda bibi yake, na alidhani kwamba mapenzi yanatosha kuhalalisha tendo. Alfajiri, Bibi alipokwenda kuchota maji, Advera alichukua matobolwa viganja viwili, akayafunga kwa kipande kilichochanika cha kanga ya Bibi, akayasukuma mpaka kwenye ncha ya buti la kulia. Kisha akafunga mfuko. Alijiambia kwamba Shangazi angeyakuta huko kwenye baridi, angecheka, angekumbuka nyumbani, na angerudi salama kama waliotangulia.

"Umelinda?" Shangazi aliuliza alipoubeba mfuko.

"Nimelinda," Advera alijibu.

Shuleni aliringa. Mwenzake wa dawati, Najiat, alichoka kusikia habari za albatrosi, na mvulana mmoja aliyeitwa Wilbroad alimpa Advera jina la Bi Kisiwa. Yote hayo yalikuwa matamu, hadi siku moja simu ya Bibi ilipolia. Sauti ya Shangazi ilikuwa ya mbali na kavu. Alisema alikuwa amezuiwa kushuka kisiwani, na kwamba angeeleza akirudi. Simu ikakatika.

Tangu siku hiyo Advera hakutaja tena visiwa. Wilbroad alitambua.

"Bi Kisiwa, mbona kimya? Au shangazi yako ameliwa na yule ndege?"

"Mwache," Najiat alisema. "Humwoni mwenzako anavyokonda?"

Mvua zilikuwa zimeanza Shangazi Leonia alipofika. Alimsalimia mama yake kama mtu anavyomsalimia karani wa ofisi. Hakuketi. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha kanga na kukiweka mezani. Kilikuwa kimetobolewa matundu madogo madogo.

"Waliponikagua melini, hiki kilikuwa ndani ya buti langu," alisema. "Matobolwa yalikuwa yamegeuka unga, na unga ulikuwa ukitembea. Dumuzi, Mama, wale wadudu wa mahindi. Walikuwa wameenea mpaka kwenye soksi. Nilikuwa nimeshaapa mbele ya wenzangu. Kiongozi aliniuliza nani aliufunga mfuko, nami nikasema ni mimi, kwa sababu niliona aibu kumtaja mzazi wangu. Wenzangu walishuka. Mimi nilibaki melini mpaka kazi ikaisha, natazama ule mlima mweusi na ndege wakizunguka juu yake. Msimu ujao nafasi yangu amepewa mtu mwingine." Akakisukuma kitambaa mbele ya mama yake. "Nilikuomba, Mama. Kwa heshima nilikuomba."

Bibi Rustika alikichukua kile kipande. Alikigeuza upande huu na upande huu. Kisha aliinua macho, akamtazama Advera, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Kitambaa ni changu," alisema. 

Advera alirudi jikoni na beseni lake. 

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Shangazi alikuwa amekuja kukaa wiki moja, na kwa sababu ya mvua barabara haikumruhusu kuondoka mapema. Alinunua mkate wake, akachemsha chai yake, akala peke yake. Bibi aliendelea kupika chakula cha watu watatu, na kila usiku sahani moja ilirudi jikoni ikiwa imefunikwa vile vile. Mama na binti walipishana ukumbini bila kugusana. Mvua iligonga bati, na ndani ya nyumba mlikuwa kimya kuliko makaburini. Advera aliosha ile sahani ya tatu kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa nzito zaidi mikononi mwake. Alijua kwamba neno moja lake lingeondoa mzigo huo begani kwa Bibi. Alijua pia kwamba neno hilo lingemwangukia yeye.

Jumapili walikwenda kanisani, watatu, kila mmoja chini ya mwavuli wake. Ulipofika wakati wa Komunyo, watu waliinuka benchi kwa benchi. Shangazi aliinamisha kichwa, akabaki. Advera aliinuka, kwani aliogopa kuulizwa asipoinuka. Alipogeuka, alimwona bibi yake ameketi, mikono mapajani. Bibi Rustika, ambaye hata homa haikuwahi kumzuia kwenda mezani pa Bwana, alikuwa ameketi mbele ya macho ya majirani wote, na majirani walikuwa wakitazama.

Advera hakuendelea mbele. Alirudi akaketi. "Bibi, kwa nini huendi?" alinong'ona.

"Mtu hapeleki sadaka ilhali mwanawe hasemi naye," Bibi alijibu, macho yake yakiwa mbele. "Kaa sawa."

Walipotoka, mvua ilikuwa imepungua. Kwenye uwanja wa kanisa, kati ya madimbwi, Advera alisimama.

"Shangazi, si Bibi," alisema. "Ni mimi. Niliyaweka alfajiri, Bibi alipokwenda kuchota maji. Wewe uliniuliza kama nimelinda, nami nikakudanganya. Bibi hakujua lolote."

Shangazi Leonia hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma upya jambo alilodhani amekwisha kulielewa. Alimgeukia mama yake.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua nilipokiona kitambaa. Ukikutoa wewe, tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, na mimi sikukiweka."

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa kitambaa, nikajibu kitambaa. Lililobaki halikuwa langu kulisema. Lilikuwa na mwenyewe, nikamngoja."

Shangazi alipiga magoti pale pale kwenye matope, na nguo yake ya kanisani, akamwomba mama yake msamaha. Bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha wakaanza kutembea kuelekea nyumbani, na wawili kati yao walikuwa chini ya mwavuli mmoja.

Usidhani Advera alisamehewa kwa wepesi. Alasiri hiyo Shangazi alimpa mabuti, brashi na sindano. Unga wa dumuzi ulikuwa bado umejificha kwenye mishono. Advera alisafisha mpaka vidole vikamuuma, akayapeleka. Shangazi aliyakagua kwenye mwanga wa dirisha, akapata chembe.

"Rudia."

Akarudia. Ilikuwa karibu na magharibi yalipokubaliwa.

"Nilikupenda jana na ninakupenda leo," Shangazi alimwambia. "Lakini mfuko wangu, kwa sasa, nitaulinda mwenyewe. Utakapokuwa tayari, nitaona kwa macho yangu. Sitaambiwa."

Advera aliitikia kwa kichwa. Neno hilo lilimuuma, na hakupinga.

Bibi Rustika aliweka mezani sahani ya matobolwa na karanga. Safari hii Shangazi alinawa, akaketi, akala, akala tena, na alipomaliza alikung'uta makombo yote uani.

"Anayekula kwa mama yake kabla ya kuondoka, amekwisha kufungiwa," Bibi alisema. "Yako tumboni. Hakuna mkaguzi wa kuyatoa." Kisha akamwita Advera akae karibu.

"Nilikuwa mke mchanga mdudu huyu alipofika Tabora," alisema. "Hakuwa wa kwetu. Alikuja ndani ya magunia kutoka ng'ambo, na walioyaleta magunia walikuja kwa wema, kutulisha. Watu walimwita Skania, kwa jina la lile lori, kwa jinsi alivyozoa ghala zima. Mdudu hajali nia ya mtu aliyembeba. Kwa hiyo watu wa Tabora, kabla ya wengine wote, tulipaswa kumwelewa Leonia. Mimi nami nilichelewa kumwelewa."

Alichukua kipande kimoja cha matobolwa, akakivunja, akakitazama ndani kabla ya kumpa mjukuu wake.

"Na jambo la pili, mjukuu wangu. Dumuzi hali kwa nje. Hula ndani, na hindi likabaki na sura yake nzima. Unaliona zuri, unalishika, ni unga. Ndivyo ukimya wako ulivyoila nyumba hii, sote tukionekana wazima kwa nje. Ukikosa, sema siku ile ile, punje ikiwa bado na kiini. Leo umesema, umekuta kiini kidogo kimebaki. Usizoee kubahatika."