Hitima ya Mama Ojara

Mtu anayeuza sanda hujifunza kutouliza maswali. Kulthum alikuwa na mwaka wa tatu katika duka la mjomba wake Mansur, pale Nakivubo, na hakuwa mdadisi. Lakini kijana aliyeingia saa saba mchana, amevaa koti la ngozi juani na pete tatu za chuma vidoleni, aliagiza sanda nne kwa mpigo.

"Pole sana, ssebo. Nani wamefariki?"

"Sisi."

"Nyinyi nani?"

"Maiti Wanne. Bendi ya roki, tunapiga Katwe kwenye gereji." Hakutabasamu hata kidogo. "Radi ilituua mwaka 1958 juu ya pantoni. Fundi Wahabi akatuchomelea upya. Ona." Akafunua kovu shingoni.

"Hilo ni la jipu."

"La kuchomelea, nyabo."

"Na mama yako alisemaje?"

"Angesema nini? Mamba alimla siku niliyozaliwa. Akammeza na viatu vyake."

Kulthum alikuwa na diploma ya maabara na hakuamini kitu kisichopimika. Alicheka mpaka akakosea kukata kitambaa. Kesho yake kijana yule, Ojara, alirudi kununua uzi ambao hakuwa na kazi nao.

Bendi ilikuwa na sheria moja: hakuna kutoka nje ya hadithi, mbele ya yeyote. Kulthum naye akaweka yake. Kila alipotaka jibu la mtu mzima aliuliza, "Kweli au ya bendi?" na Ojara alijibu sawasawa. Miezi sita ikapita hivyo, kwa simu nyingi.

"Habibti, umekula?"

"Nimekula. Na maiti wangu je?"

"Maiti anakufa kwa njaa."

Kisha Mjomba Mansur akataka kujua nani atakuja kuposa. Kulthum akamkalisha Ojara kwenye ngazi za fleti yao, Bugolobi.

"Baba yako najua alizikwa Gulu. Mama yako je? Na sitaki mamba. Kweli au ya bendi?"

Ojara aliangalia viatu vyake. "Kweli. Alikufa."

Kulthum alilia usiku kucha kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Bibi yake, Umulkheir, aliposikia kuwa marehemu alikuwa Mwislamu na hakuna aliyemsomea, aliagiza mchele. "Mtoto yatima haingii nyumba hii kabla mama yake hajaombewa. Jina lake nani?"

Aliyeweza kubuni mamba hakuweza, mbele ya bibi yule, kubuni jina. "Maimunah binti Swaibu," akasema. Lilikuwa la kweli.

Ijumaa alasiri juzuu ziligawiwa, ubani ukafuka, pilau ikaiva. Ojara, ndani ya kanzu ya kuazima, aliketi na wanaume na kuitikia amin. Kwa wanawake, Raisa, jirani aliyeolewa na askari polisi, alipolisikia jina la marehemu alitoka nje na simu yake. Dua haijaisha, mwanamke aliyevaa sare za polisi akavua buti mlangoni, akaketi nyuma, akainua mikono. Aliitikia mpaka mwisho.

"Karibu, mwanangu," Bibi alimwambia. "Marehemu ulimjua?"

"Kidogo. Ni mimi."

Kijiko kikaanguka.

"Kuleni tu, pilau ni tamu," alisema Koplo Maimunah, kwa Kiswahili cha kambini. "Mtoto yangu alisema nimekufa na nini?"

Kulthum ndiye aliyejibu. "Kwanza alisema mamba. Kisha akaniapia kuwa ni kweli."

"Miaka mbili haji nyumbani. Mimi nasema, ana kazi mingi. Kumbe yuko kwa matanga yangu."

Sababu, Kulthum alikuja kuijua, ilikuwa ndogo kuliko dhambi yenyewe: mwimbaji wa Maiti Wanne hakutaka ijulikane kuwa mama yake huongoza magari barabarani.

Ojara alipiga simu wiki tatu. Mwishowe akapokewa.

"Jumapili mchana, jukwaani, useme sentensi moja: 'Mama yangu yuko hai.' Basi. Mjomba atakupokea."

"Hiyo tu, mpenzi?"

"Hiyo tu."

Jumapili Kulthum alimleta Maimunah, aliyevaa gomesi ya kijani iliyonyooshwa vizuri, na mkoba wa kuazima. Gereji ilinuka grisi na rangi. Maiti wanne walipanda ndani ya sanda ambazo Kulthum alizikata kwa mkono wake. Ojara aliwaona wote wawili. Akashika kipaza sauti.

"Mama yangu..."

"Mamba! Mamba!" watu wakapiga kelele.

Alimwangalia mama yake. Akawaangalia watu, kama mia mbili hivi.

"...alimezwa pamoja na viatu vyake!"

Gereji ikalipuka. Maimunah alipiga makofi, kama mzazi siku ya tamasha la shule, kisha akachukua mkoba wake.

"Twende, binti yangu. Mamba ameshiba."

Walipofika barabarani simu ikalia.

"Habibti, nisikilize! Ile ni ya bendi tu. Wewe nakupenda."

"Kweli au ya bendi?"

"Kweli."

Neno lile lile, sauti ile ile ya ngazi za Bugolobi. Kulthum akakata simu, akamshika Maimunah mkono wavuke. Koplo akanyoosha kiganja, na bodaboda zote zikasimama.