Goti la Kengele

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele ya baiskeli ililia mara tatu mbele ya nyumba ya vyumba viwili, na majirani wakajua kwamba binti wa muoka mikate anaondoka. Kelele hizo ndizo zilizompa jina. Wote walimwita Kengele, isipokuwa mwalimu wake siku akikasirika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu wa miguu na mwingi wa maneno.

Mama yake alikuwa ameshakwenda kwenye tanuri tangu alfajiri. Kwa hiyo Kengele ndiye aliyemwamsha mdogo wake, akamwosha uso, akamfunga vifungo vya gauni na kumpakia kwenye keria.

"Nishike kiuno. Ukichezea spoku nakushusha njiani."

"Thubutu! Utamwambia nini mama?" alijibu mdogo wake, kama alivyojibu jana na juzi.

Walianzia shule ya chekechea, kisha Kengele akaendelea peke yake mpaka shuleni kwake. Kilomita sita kwenda, sita kurudi. Baiskeli yenyewe ilikuwa kuukuu lakini imara. Mama aliinunua miaka miwili iliyopita kwa sharti moja tu, kwamba kiti kishushwe mpaka miguu yote miwili ya mwanawe ikanyage chini sawasawa. "Ukisimama usimame, sitaki uning'inie huko juu ukaniangukia," alisema. Fundi baiskeli akakishusha mpaka mwisho, akakaza nati, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Maumivu yalianza taratibu, mbele ya goti la kulia. Mwanzoni yalikuja akipanda kilima tu. Baadaye yakaja hata kwenye tambarare, na akishuka ngazi za darasani alilazimika kushika ukuta. Kengele alijikaza kisabuni. Watu wakimuuliza mbona anachechemea, alisema kiatu kinambana.

Siku moja alimweleza rafiki yake wa dawati moja. Huyu alikuwa msichana asiyekosa jibu la jambo lolote duniani, liwe sahihi lisiwe sahihi.

"Unamjua yule fundi cherehani wa pale kona, mwenye mguu mmoja?" rafiki aliuliza.

"Si ndiye anayetushonea sare!"

"Basi na yeye ilianza hivyohivyo. Mguu ukamuuma, akaenda hospitali na miguu miwili, akarudi na mmoja. Shangazi yangu amesema."

Kengele aliivuta miguu yake chini ya dawati. Tangu saa hiyo hakuwa na raha. Akioga, aliutazama mguu wake wa kulia, kovu dogo la kifundoni na vidole vyake vitano, akajiuliza utabaki naye mpaka lini. Akimwambia mama, mama atampeleka hospitali. Akipelekwa hospitali, watamkata. Hesabu yake ilikuwa fupi namna hiyo, masikini, na hakukuwa na mtu wa kumsahihishia kwa sababu hakumwonyesha mtu.

Zaidi ya hapo, aliacha kabisa kupita pale kona. Hakutaka kumwona fundi wala zile fimbo zake za kutembelea zilizoegemezwa mlangoni. Akawa anazunguka njia ya juu, yenye kilima kirefu. Goti lenye shida ya kilima akaliongezea kilima!

Wiki ya tano, wakiwa katikati ya mlima huo, goti lilichoma ghafla kama limeguswa na pasi. Mguu ukakataa kusukuma pedali. Baiskeli ikasita, ikarudi nyuma, ikapinda kuelekea katikati ya barabara, na hamadi! Wote wawili chini. Nyuma yao lori likapiga breki za kukwaruza masikio. Lilisimama hatua tatu kutoka kichwani kwa mdogo wake.

Dereva alichungulia dirishani, uso umemsawajika. "Nyinyi watoto! Mnataka nilale na roho za watu?"

Mdogo wake alikuwa mzima. Alichubuka kiwiko tu, na gauni lilichanika begani. Lakini Kengele ilibidi akae ukingoni mwa barabara kabla hajaweza kuinua baiskeli.

"Usimwambie mama," alimwambia mdogo wake. "Tutasema ulianguka ukicheza."

Mama aliporudi jioni, nywele zimejaa unga, alipewa uongo huo akaupokea. Aliligeuza gauni mkononi, akasikitika. "Kesho Jumamosi. Lipeleke kwa fundi pale kona, analishona kwa dakika tano."

Kengele alilivuta gauni kutoka mkononi mwa mama. "Nitalishona mwenyewe, mama."

"Wewe? Juzi ulijishonea kifungo ukashona na mfuko! Mpelekee fundi."

Kesho yake alikwenda akiikokota baiskeli. Fundi alikuwa mtu mnene, mwenye futi ya kupimia shingoni na pini nne mdomoni, akikanyaga cherehani kwa mguu wake mmoja wa kushoto. Suruali ya upande wa pili ilikuwa imekunjwa na kubanwa vizuri. Kengele aliangalia kabati, vitambaa, dari, kila mahali isipokuwa hapo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umenihama, siku hizi hupiti huku." Alizitoa pini mdomoni, akamtazama anavyosimama. "Huo mguu una nini?"

"Kiatu kinanibana."

"Umevaa ndala."

Kengele aliinamisha kichwa. Fundi akaondoa mguu kwenye kikanyagio, cherehani ikanyamaza. "Ni goti, eeh? Lina siku ngapi?"

"Wiki tano," alisema kwa sauti ndogo.

Uso wa fundi ulibadilika. Mzaha wote ukamtoka. "Na mama yako hajui?"

"Hajui."

"Mwambie leo. Leo hii, kabla jua halijazama. La sivyo nitakuja mwenyewe na fimbo zangu." Kisha akaiangalia baiskeli mlangoni, akamwangalia tena Kengele kuanzia kiunoni mpaka miguuni, kwa jicho la mtu anayepima watu kila siku. "Na umwambie hivi pia. Sketi yako nimeishusha pindo mara mbili mwaka huu, lakini kiti cha hiyo baiskeli hakijapanda hata inchi moja."

Kengele hakulielewa hilo la pindo. Alichokiona ni ule uso tu. Ameshajua ugonjwa, alifikiri. Ameutambua kwa sababu ni wa kwake.

Alimkuta mama akipepeta mchele, akasema yote bila kupumzika, goti, mlima, lori, uongo, mpaka na pindo la sketi. Halafu akaangua kilio. "Mama, usikubali wanikate!"

Mama aliacha ungo palepale. Aliposikia habari ya lori alikaa chini, mkono kifuani. Kengele alingoja kugombezwa. Badala yake alivutwa akakumbatiwa kwa nguvu, na unga wa mikate na machozi vikachanganyika.

Jumatatu walikwenda zahanati na baiskeli yao. Daktari, mama wa makamo, alilikunja goti, akalikunjua, akalibonyeza kila upande. Aliuliza kama limewahi kuvimba, kama amepata homa, kama linauma hata akiwa amelala. Kengele alijibu hapana mara tatu, macho yakiwa kwenye sinia la vyuma mezani.

"Hebu twende nje, uipande nikuone," daktari alisema.

Kengele alizunguka uwanja mara moja. Magoti yake yalipanda juu kama ya panzi, karibu yaguse usukani.

"Basi, inatosha!" Daktari alitikisa kichwa. "Mama, huyu amerefuka, kiti kimebaki pale pale. Kila akikanyaga, goti linakunjwa kupita kiasi, na ana mzigo nyuma. Mara elfu kwa siku! Apumzike baiskeli wiki tatu, afanye mazoezi nitakayomwonyesha, na kiti kipandishwe mpaka mguu unyooke karibu wote pedali ikiwa chini. Likivimba au likizidi, mrudi haraka."

"Hamkati?" Kengele aliuliza.

"Tukate nini? Tukikata tutakata hiyo nati yenye kutu!"

Mama hakucheka. "Ni mimi niliyesema miguu ikanyage chini," alisema polepole. "Niliogopa ataanguka. Sikuangalia tena."

Kwa wiki tatu mama aliomba zamu ya mchana, akawa anawasindikiza kwa miguu. Goti lilipopona na kiti kikapanda, Kengele alipita pale kona kwa hiari yake. Alisimama mbele ya cherehani, safari hii akiutazama ule mguu uliokunjiwa suruali.

"Fundi, samahani. Wako ulianzaje?"

Fundi hakukasirika. "Kidonda cha kidole. Kadogo, kama tundu la kifungo. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari bila kujua. Nilikaa nacho miezi mitano, navaa soksi nyeusi ili mke wangu asione."

"Kwa nini?"

"Niliogopa nitakatwa." Alinyoosha kitambaa mezani kwa kiganja. "Daktari aliniambia ningekwenda mwezi wa kwanza angenitibu kwa dawa na bendeji. Nilikatwa kwa sababu nilichelewa, mwanangu, si kwa sababu nilikwenda. Ukiumwa, sema siku ileile. Na ukiogopa, sema pia kwamba unaogopa, ili mtu akushike mkono mwende naye."

Haikupita wiki mbili, mdogo wake alimnong'oneza Kengele wakivua sare, kiganja amekibana sikioni. "Linauma. Lakini usimwambie mama, atanipeleka nikachomwe sindano."

Kengele alimshika mkono. "Twende tukamwambie wote wawili," alisema. "Na kwamba unaogopa, hilo nitamwambia mimi."