Fungu Lake la Kosa

Kila Alhamisi Mama Ahouefa hupeleka sabuni sokoni Bohicon. Huzipika mwenyewe kwa mafuta ya mawese, akazikata, akazipanga kwenye makatoni mawili. Makatoni huyaweka kiti cha nyuma. Kiti cha mbele, kando yake, hakiwekwi kitu. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mume wake, Senou.

Senou alifariki miaka miwili iliyopita. Mtoto wao wa pekee yuko Libreville, hupiga simu Jumapili. Siku nyingine sita Mama Ahouefa huongea na wateja, na wateja huongea habari za sabuni. Jioni hununua akassa moja, bonge la unga wa mahindi uliochachushwa, na kipande cha samaki wa kukaanga. Muuza akassa bado humuuliza, "Mbili, mama?" Naye hujibu, "Moja inatosha."

Alhamisi moja, yapata saa nne asubuhi, alifika njia panda ya kiwanda cha pamba. Aliwasha indiketa ya kushoto. Akapunguza mwendo. Mbele hakukuwa na gari. Akakata kona.

Alisikia kishindo mlangoni, pale pale karibu na goti lake.

Alipotoka nje, pikipiki ilikuwa imelala chali na gurudumu linazunguka. Mwendeshaji alikuwa chini. Alikuwa zemijan, mmoja wa wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, ila wakati ule hakuwa na abiria. Jina lake Dansou. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa vibaya.

Watu walijaa mara moja.

"Mwenye gari ndiye mwenye kosa," alisema mmoja.

"Gari ni kubwa, pikipiki ni ndogo. Hapo kuna la kuuliza?"

"Bibi mzima anaendesha gari anakwenda wapi?"

Mama Ahouefa alipiga magoti akamshika Dansou mkono. Alisema tu, "Nisamehe mwanangu, nisamehe." Watu wakaitikia, "Mmesikia? Amekiri mwenyewe."

Wanaume wawili wakataka kuinua pikipiki. Mwanamke mmoja anayeuza petroli ya chupa kando ya barabara akawakemea. "Iacheni hapo hapo. Majeruhi ndiye wa kubeba. Vyombo vingoje polisi."

Dansou akapelekwa hospitali. Polisi akaja, akapiga picha, akazungushia chaki matairi ya gari na pikipiki, akapima kwa tepu. Alichora ramani ya ajali kwenye karatasi. Kisha akamruhusu mama aende nyumbani, arudi siku ya kuandika maelezo.

Siku tatu Mama Ahouefa hakuwasha moto wa sabuni. Akikaa, anasikia kile kishindo. Alitamani kumweleza mtu, lakini amweleze nani? Mtoto alipopiga simu, alimwambia, "Mimi mzima, baba. Huku joto tu."

Siku ya nne akaja Kpossou, kaka yake Dansou. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Alimsalimu kwa heshima, akakaa, akaisoma: Mimi Ahouefa nakiri kwamba kosa lote la ajali ni langu.

"Tia sahihi tu, mama. Tumalize kiungwana. Mambo ya polisi ni marefu."

Mama Ahouefa aliitazama karatasi. Ilikuwa kama mlango wa kutokea. Akitia sahihi, kesi imekwisha, kishindo labda kitanyamaza.

"Niachie hadi kesho," alisema. "Miwani yangu siioni."

Miwani ilikuwa mfukoni mwake.

Mchana ule jirani yake, Bwana Zinsou, alikuja kuazima ngazi. Kabla ya kustaafu, Zinsou alikuwa polisi wa barabarani. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupima ajali. Tangu matanga ya Senou, yeye na mama walikuwa wakisalimiana tu juu ya ukuta. Aliona gari limebonyea, akaisahau ngazi.

"Umemgonga nani?"

Mama Ahouefa alimpa ile karatasi. Zinsou akaisoma mara mbili.

"Nieleze. Usinieleze watu walisema nini. Nieleze ulichoona wewe."

Akamweleza. Zinsou akazunguka gari, akachuchumaa kwenye mlango wa dereva, akaupapasa.

"Pikipiki imekupiga hapa, mlango wa mbele wa kushoto. Kwa hiyo ilikuwa kushoto kwako. Ilikuwa inakupita. Indiketa uliiwasha?"

"Niliiwasha."

"Mapema?"

"Toka kwenye geti la kiwanda."

"Sasa sikiliza, mama. Sisi huku tunapita upande wa kulia wa barabara. Mtu aliye nyuma yako, akiona taa yako ya kushoto inawaka, anajua unakata kushoto. Anangoja nyuma, au anapita kulia kwako kukiwa na nafasi. Hapiti kushoto. Na njia panda si mahali pa kumpita mtu. Hilo ni kosa la kijana."

"Lakini yeye ndiye aliyevunjika mguu."

"Mguu uliovunjika unasema nani ameumia. Hausemi nani amekosa."

Zinsou akaendelea, sauti ikashuka kidogo. "Na wewe. Kabla ya kukata kona, ulitazama kioo cha pembeni?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa.

"Sikutazama," alisema. "Sijawahi kutazama. Senou alikuwa akitazama yeye. Alikuwa akiniambia, kuna pikipiki nyuma, ngoja. Kuna lori, ngoja. Sasa nenda. Miaka ishirini na mitano niliendesha kwa macho yake. Alipokufa, niliendelea kuendesha hivyo hivyo."

Zinsou hakumwambia pole. Alimwambia, "Basi hilo ni kosa, na ni lako. Indiketa inawaambia watu unataka kwenda wapi. Haikwambii wewe kama njia ni salama. Aliye kwenye usukani lazima atazame mwenyewe."

Ajabu ni kwamba maneno yale hayakumwumiza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwonyesha kosa lake lilipoanzia na lilipoishia.

"Sasa karatasi hii nifanyeje?"

"Usiitie sahihi, kwa kuwa si ya kweli. Bima umewaarifu?"

"Bado."

"Nenda leo. Wana siku zao, zikipita utapata taabu. Ukienda polisi, sema ulichofanya na ulichoona, usiongeze, usipunguze. Taja jina la yule muuza petroli, ni shahidi. Polisi watalinganisha maneno yenu na alama za chaki na mahali gari lilipobonyea. Kosa hupimwa kwa vitu hivyo. Halipimwi kwa ukubwa wa chombo, wala kwa wingi wa watu wanaopiga kelele."

"Na yule kijana? Nimwache tu pale hospitali?"

"Nani kasema umwache? Huruma ni kitu kimoja, kosa ni kitu kingine. Huruma ipeleke hata sasa hivi."

Mama Ahouefa alikwenda ofisi ya bima. Kisha akapika uji wa mahindi, akaenda hospitali kwa miguu. Dansou alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta. Wagonjwa wengine walikuwa na watu wao. Kando yake palikuwa na stuli tupu.

"Kaka yako hayupo?"

"Anahangaika na mambo ya kesi," alisema Dansou. "Mke wangu yuko kwao, amejifungua juzi. Hajaambiwa bado."

Alikunywa uji nusu kikombe. Mama akakaa kwenye ile stuli.

"Mama," Dansou alisema, "taa yako niliiona."

"Uliiona?"

"Niliiona. Nilikuwa nimeitwa na abiria. Nikadhani nitakuwahi, nitapita kabla hujakata." Aligeuza uso dirishani. "Kila mtu anakuja hapa ananiambia gari ndilo lenye kosa. Mimi nanyamaza. Nikilala peke yangu naiona ile taa inawaka."

"Na mimi sikutazama kioo," alisema Mama Ahouefa. "Ningetazama ningekuona."

Dansou akamgeuzia uso tena.

"Kaka atakasirika," alisema Dansou.

"Atakasirika. Wewe sema lako, mimi nitasema langu. Tusibebeshane."

Kesho yake Kpossou alirudi, akarudishiwa karatasi yake bila sahihi. Polisi walimwandikia Dansou maelezo pale pale kitandani. Mama Ahouefa aliandika yake kituoni. Muuza petroli alisema indiketa ilikuwa inawaka, na pikipiki ilitokea nyuma kwa kasi, upande wa kushoto. Yote yalilingana na ramani.

Wiki kadhaa baadaye waliitwa kituoni. Dansou alikuja kwa magongo, Kpossou nyuma yake. Ofisa akasoma: kosa kubwa ni la mwendeshaji pikipiki, kwa kupita kushoto kwenye njia panda wakati gari limeonyesha ishara. Dereva wa gari naye ana fungu lake, kwa kukata kona bila kuhakikisha kama nyuma yake ni salama. Bima ya gari itachangia matibabu kwa kadiri ya fungu hilo.

"Kwa hiyo gari limeshinda," alisema Kpossou.

"Hii si mechi, bwana," alisema ofisa. "Ndugu yako angesema uongo, ushahidi ungemwumbua. Tungekuwa bado tunabishana, na bima isingetoa kitu."

Kpossou alikunja ile karatasi yake ya zamani, akaitia mfukoni.

"Nisomee tena fungu langu," alisema Mama Ahouefa.

Ofisa akamsomea. Alilisikiliza hadi mwisho. Lilikuwa na uzito, lakini aliona anaweza kulibeba.

Mguu wa Dansou ulipona taratibu. Aliporudi kijiweni, aliwaeleza zemijan wenzake waziwazi: ukiona taa ya kushoto mbele yako, kaa nyuma. Wengine walimcheka. Wengine waliacha kucheka walipouona mguu.

Gari lilinyooshwa mlango. Siku ya kwanza ya kurudi barabarani, Bwana Zinsou alisimama getini.

"Nikae na wewe huku mbele, mama? Nikusaidie kutazama."

Mama Ahouefa alikitazama kile kiti. Miaka miwili mizima alitamani mtu amwambie maneno hayo.

"Asante, baba," alisema. "Nikiyazoea macho yako, nitarudi kule kule."

Akaondoka peke yake na makatoni yake mawili. Kwenye njia panda ya kiwanda cha pamba aliwasha indiketa. Alitazama kioo cha ndani. Alitazama kioo cha pembeni. Aligeuza shingo akatazama kwa macho yake. Zemijan mmoja alikuwa anakuja nyuma, amembeba mwanamke mwenye kapu la nyanya. Mama Ahouefa alisimama.

"Kuna pikipiki. Ngoja," alisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Zemijan alipunguza mwendo, akampitia upande wa kulia, akainua mkono kumshukuru. Mama Ahouefa naye akainua wake. Pikipiki ilikuwa imekwisha kufika mbali, na yule mtu hakugeuka nyuma.

"Sasa nenda," alisema, akakata kona.